Karatasi za Posho, Sanduku 212

Kapata, Kolwezi, 11 Februari 2024

Mpwa wangu Fidélie,

Nakusalimu wewe na wote mnaokaa pamoja huko Lubumbashi. Sisi huku tunapumua. Mvua imenyesha siku tisa mfululizo, mahindi ya mama yako nyuma ya nyumba yamenifika kifuani, na mwenyewe ni mzima isipokuwa ile presha yake, ambayo hupanda kila misa inapochelewa kwisha. Analalamika kwamba hujampigia simu wiki mbili. Nimemjibu kwamba mtu anayeshinda na mashine lazima naye awe mashine kidogo.

Sasa jambo lenyewe. Usilitaje kwa mama yako kwenye simu. Ndiyo maana naandika, na barua nampa Ruffin, dereva wa basi, akukabidhi mkononi.

Jumatano walikuja vijana watatu wa kampuni mpya inayochimba shaba kwenye shimo la Mashamba. Wamepiga msalaba wa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kila nyumba ya mstari wetu, ya mama yako na yangu pia. Nimemwambia dada yangu Agnès ni hesabu ya watu wa umeme. Si kweli. Shimo lao linataka kusogea mpaka hapa, na sisi tutatakiwa kuwa tumeondoka kabla ya mvua zijazo. Nilipowauliza kwa haki gani, walisema hakuna hati inayowazuia.

Hati ipo. Mwaka 1994 tume ya serikali iliamua kwamba shimo lolote lisikaribie nyumba za Kapata chini ya mita mia tano, na kwamba nyumba ni za wafanyakazi waliokaa humo na za watoto wao. Niliipiga taipu mimi mwenyewe, kurasa mbili, nikaitia sanduku 212. Nasikia masanduku yote ya kampuni ya zamani yameletwa ofisini kwenu kupangwa. Nilikuwa karani miaka thelathini na mmoja na sikuwahi kumwomba mtu upendeleo. Leo nakuomba wewe.

Mjomba wako,
Kisimba


Lubumbashi, 3 Machi 2024

Mjomba wangu, Tata Kisimba,

Barua yako imenikuta salama, ila moyo haujakaa mahali pake tangu niisome. Huku tuko wazima. Maji ya bomba yamekatika siku nne, kwa hiyo tumekuwa wachota maji kama zamani. Mama nimempigia na kumwambia ninavyompenda, na ule msalaba sikuugusa, ingawa ulimi uliniwasha.

Nikueleze kazi yetu, maana najua utauliza. Tulipokea masanduku mia sita na arobaini. Karatasi zote zilipigwa picha. Kisha tulichukua elfu nne, tukazipanga kwa mkono: hizi ni vibali, hizi ni ripoti za maji na vumbi, hizi ni maamuzi ya tume, hizi hazina thamani ya kisheria. Tukaionyesha mashine hayo mafungu mpaka ikazoea sura na maneno ya kila moja. Sasa inapanga yenyewe, karatasi elfu kumi kwa siku, na mtu akiuliza jambo lolote la sheria za madini inamtolea hati zinazohusika. Hapa ofisini tumeibatiza Karani. Usikasirike.

Nimemuuliza Karani kuhusu Kapata kwa kila namna ninayoijua: mwaka, mita mia tano, nyumba, tume. Hakuna. Nimefungua picha za sanduku 212 kwa macho yangu. Zipo karatasi 186, na zote ni orodha za posho ya unga. Majina, kilo, alama ya kidole. Karani ameliweka sanduku zima kwenye fungu lisilo na thamani, na kwa alichokiona, hajakosea.

Mjomba, miaka thelathini ni mingi. Inawezekana lilikuwa sanduku jingine? Nisamehe kuuliza.

Mpwa wako,
Fidélie


Kapata, 17 Machi 2024

Fidélie,

Salamu. Mama yako yuko vizuri. Mahindi tumeanza kula.

Sanduku ni 212. Ninaweza kusahau nilichokula asubuhi, lakini namba ya sanduku sisahau. Huyo Karani wenu asiyekunywa chai wala kuumwa mgongo, amekaa kazini muda gani? Miezi minane? Basi akae chini nimfundishe.

Baada ya ile miaka ya uporaji, kampuni haikuwa na kitu. Taipureta zilibaki mbili, na karatasi mpya haikuonekana. Mimi na Ntambwe, karani mwenzangu, tulikwenda kwenye stoo ya posho, tukabeba orodha za zamani, na barua za kampuni tukazipiga nyuma yake. Maamuzi ya wakurugenzi, mikataba, maagizo ya baruti, yote yaliandikwa kwenye migongo ya orodha za unga. Karatasi safi kabisa tuliiweka kwa ajili ya ukurasa wa sahihi tu, maana wakubwa hawakutaka kutia sahihi juu ya kilo za unga za watu.

Sasa nijibu. Hizo karatasi 186, mlizigeuza? Nani aliyeamua zipigwe picha upande mmoja? Alikuwa mtoto wa Ulaya? Maana mtoto aliyekulia Kapata asingeweza. Wewe mwenyewe hukuwa na daftari darasa la nne lote. Uliandika kwenye migongo ya karatasi nilizo...

Hayo tuyaache. Geuza karatasi, unijibu upesi. Juzi wamelipua baruti na kioo cha mama yako kimeanguka. Amesema watu wa umeme wana kelele.

Kisimba


Lubumbashi, 27 Aprili 2024

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 17 Machi nimeipata jana. Basi la Ruffin liliharibika Fungurume, likakaa gereji wiki tano na barua ikiwa ndani ya droo ya dereva. Alikuja kuniomba radhi mwenyewe, na mfuko wa maembe juu. Sikuweza hata kumshukuru, maana nilikuwa nimekwisha kusoma mistari yako na tayari nilikuwa natoka mlangoni.

Kuna jambo sikukuambia mwezi wa tatu. Karatasi zote ambazo Karani ameziita hazina thamani zilipangiwa kuchomwa tarehe 30 Aprili. Ni Jumanne hii.

Nilikimbilia ghala. Masanduku yalikuwa yamekwisha kupangwa karibu na mlango, tayari kwa lori. Nililitafuta la 212 nikalikuta chini ya mengine saba, nikakaa sakafuni, nikageuza karatasi moja moja. Ya tisini na nne, nyuma ya orodha ya unga ya Novemba 1993, niliona herufi za taipureta yako, ile ambayo "e" yake inaruka juu. "Uamuzi kuhusu mpaka wa machimbo na makao ya Kapata." Nililia, Mjomba, mlinzi akadhani nimefiwa.

Uliuliza nani aliamua upande mmoja. Ni mimi. Tulikuwa tumechelewa, wakubwa walitaka kazi iishe, nikatazama masanduku machache, nikaona orodha, nikasema kupiga nyuma ni kupoteza muda. Mimi ndiye yule mtoto wa Kapata uliyesema asingeweza. Nimemwambia mkuu wangu, Stéphanie, yote. Hakupiga kelele. Amesimamisha lori na kuninyang'anya timu, na sasa kazi yangu ni kupiga upya picha za pande zote mbili, mimi peke yangu na mashine moja ya picha.

Lakini hatujamaliza. Ukurasa wa kwanza unaishia hivi: "mpaka utakuwa ule uliochorwa kwenye ukurasa wa pili, wenye sahihi." Ukurasa wa pili haumo. Nimegeuza zote 186 mara mbili. Bila mchoro na sahihi, watu wa kampuni watasema ni karatasi tu mtu alijipigia. Tume ya serikali itakaa Kolwezi tarehe 13 Juni kusikiliza shauri la Kapata. Je, Tata Ntambwe anaweza kujua? Nakumbuka watu wakisema alifukuzwa mwaka uleule, kwa sababu ya karatasi zilizopotea.

Fidélie


Kapata, 5 Mei 2024

Fidélie,

Tumepokea. Vumbi limeanza. Mimi nina mafua.

Sijui ukurasa wa pili uko wapi. Labda panya. Ntambwe ni mzee na mgonjwa wa miguu, anaishi chumba cha kupanga huko mjini, asisumbuliwe.

Mama yako sasa anajua. Jirani alimwambia sokoni. Alirudi na kikapu kitupu, akasimama mlangoni kwangu: "Kisimba, unanidanganya mi miezi tatu? Batu ya umeme! Umeme yenyewe iko wapi?" Halafu akakaa kwenye kiti changu, akasema polepole: "Mi siwezi toka mu nyumba ya bwana yangu sawa mutu mwenye aliiba." Presha imepanda. Wamempa dawa nyingine.

Umefanya ulichoweza. Inatosha.

Kisimba


Lubumbashi, 19 Mei 2024

Mjomba wangu,

Pole na mafua. Mama nimezungumza naye kwa simu saa nzima. Ameniambia hatalala kwingine hata wakileta mashine ya kubomoa, na mimi namjua, hatalala kwingine.

Nimekuwa nikisoma tena barua zako. Ile ya mwezi wa tatu ina sentensi uliyoikata katikati. Na ile ya mwisho ina maneno machache kuliko risiti ya duka. Wewe, ambaye hukosi ukurasa mzima wa kunisimanga kwa kutopiga simu! Nikaanza kufikiri.

Darasa la nne sikuwa na daftari. Jioni ulikuwa unaniletea karatasi. Hazikuwa za posho, Mjomba. Za posho zilikuwa zimekwisha kuandikwa pande zote. Ulizoniletea zilikuwa na taipu upande mmoja na mgongo mweupe, na mimi niliupenda ule weupe, nikaandika herufi kubwa ili nijaze. Uliniambia nisisome upande wa taipu kwa sababu ni mambo ya kazi. Nami nilitii. Mama alizitunza zote kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda chake, pamoja na vyeti vya ubatizo.

Karatasi zenye mgongo mweupe zilikuwa zile za sahihi. Ndivyo ulivyoniambia mwenyewe.

Sikuhukumu. Mimi nimetia watu wengi hatarini kuliko wewe kwa neno moja nililolisema nikinywa fanta. Lakini naomba uniambie kweli: umekwisha kufungua lile sanduku la bati, au unaogopa kulifungua?

Mpwa wako akupendaye,
Fidélie


Kapata, 26 Mei 2024

Fidélie mwanangu,

Nimelifungua siku ile ile niliyopata barua yako ya mwezi wa nne. Mama yako alikuwa kanisani. Karatasi ipo. Mchoro, mita, sahihi tano, muhuri. Na nyuma, imla yako kuhusu mto Lualaba, makosa tisa, kumi na moja juu ya ishirini, kalamu nyekundu ya mwalimu.

Hukunihukumu, basi sikiliza lote. Nilikuwa nabeba karatasi nyumbani chini ya shati. Sikuzisoma, nilitazama mgongo tu kama ni mweupe. Mwisho wa mwaka walihesabu mafaili, zikakosekana karatasi arobaini na tatu. Makarani tulikuwa wawili. Mkuu alituita, akauliza ni nani. Mimi nilikuwa na sifa ya mtu asiyebeba hata kipande cha penseli. Nilinyamaza. Ntambwe alisema si yeye, hawakumwamini. Alipoteza kazi, na pamoja na kazi nyumba, kwa sababu siku zile nyumba ilikuwa ya kazi. Ile nyumba ya tatu kutoka kwangu, yenye mlango wa kijani, ilikuwa yake. Ule uamuzi wa kutupatia nyumba ulianza kutumika yeye akiwa amekwisha kutoka. Kwa miaka yote hii nimepita mbele ya ule mlango nikienda kuchota maji.

Ntambwe anakuja kwenye tume. Wamewaita wafanyakazi wote wa zamani wa ofisi.

Karatasi nimeifunga katika bahasha ya kaki, anayo Ruffin. Nakuomba jambo moja, na nakuomba mimi niliyekukaripia. Piga picha upande wa sahihi peke yake. Sema imetoka kwenye masanduku. Nyuma pasionekane. Mama yako abaki kwenye nyumba yake, nami nife na jina langu.

Mjomba wako


Lubumbashi, 2 Juni 2024

Mjomba,

Bahasha imefika, haikukunjwa hata pembe. Ruffin aliibeba kifuani njia nzima.

Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nilikuwa nakuona ukipita mbele ya ule mlango wa kijani na ndoo. Nimekuonea huruma, na nimekukasirikia pia, nakwambia wazi. Ulinifanya niandike juu ya mkate wa mtu mwingine, na mimi nilikuwa na miaka tisa, nafurahia weupe.

Niliiweka karatasi kwenye mashine, pande zote mbili, kama ninavyozipiga zote sasa. Bado tunamfundisha Karani kusoma migongo, na hajui vizuri. Aliona mwandiko wa mtoto na alama nyekundu, akaitupa kwenye fungu lisilo na thamani: "daftari la shule". Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta sijui nicheke au nifanye nini. Nimemsahihisha kwa mkono. Jina la fungu ni "maamuzi ya tume", na nimeandika chini: pande mbili, zisitenganishwe.

Upande mmoja sitapiga tena, Mjomba. Hata kwa ajili yako. Hata kwa ajili ya mama. Na hata ningekubali, tume inataka karatasi yenyewe mkononi, na yeyote atakayeishika ataigeuza. Watauliza ilifikaje kwenye sanduku la bati la mama. Mtu akijibu uongo hapo, kampuni itasema hati nzima ni ya uongo, na tutapoteza mstari mzima wa nyumba.

Nairudisha kwako kwa Ruffin yuleyule. Sitaipeleka kwenye tume mimi. Ni wewe uliyeitoa, ni wewe utakayeiingiza. Nitakuwa kazini tarehe 13 kwa sababu hawanipi ruhusa, na nitakuwa sipumui.

Fidélie


Kapata, 16 Juni 2024

Mpwa wangu Fidélie,

Nakusalimu. Baridi ya asubuhi imeanza, tunaota jua kama mijusi. Mama yako amekunywa dawa zake, ametandika kitanda chake mwenyewe na kuwaambia majirani watatu kwamba mtoto wake ndiye aliyepata karatasi. Presha imeshuka. Ruffin naye tumempa kuku.

Siku ya Alhamisi nilivaa koti la ubatizo wako. Ukumbi ulijaa. Watu wa kampuni walikuja na mwanasheria mwenye viatu visivyojua vumbi. Tume iliita ukurasa wa kwanza, ule ulioutuma, wakaukubali. Wakaita wa pili. Nikasimama na bahasha. Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, aliitoa karatasi, akasoma, akatazama mchoro, kisha akaigeuza, kama ulivyosema. Akaniuliza: "Tata, hii karatasi ilitoka namna gani mu archives?"

Ntambwe alikuwa benchi la pili nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua.

Nilisema: "Ni mi njo niliibeba. Nilibeba makumi ine na tatu, juu ya masomo ya mutoto. Haikukuwa Ntambwe. Ntambwe hakubeba hata moja." Fidélie, sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Mwanasheria aliruka, akasema basi mwizi anajitetea kwa mali ya wizi. Mwenyekiti akamjibu kwamba mtu wa kughushi hati angeleta karatasi safi. Wakalinganisha sahihi na zile za hati nyingine, na ile "e" inayoruka na ya ukurasa wa kwanza. Saa nane mchana waliandika: uamuzi wa 1994 una nguvu, shimo halitavuka mita mia tano, misalaba ifutwe. Agnès alipiga vigelegele mpaka mlinzi akamwomba akae.

Mimi sikuweza kushangilia. Niligeuka nikamwendea Ntambwe. Nywele zake zimekwisha zote, na amekuwa mdogo ndani ya shati. Alinyoosha mkono kwa mwenyekiti, akasema: "Leta nione." Nakala walikuwa wamekwisha kuipiga, wakampa karatasi. Hakutazama mchoro wala sahihi. Aliigeuza akasoma imla yako yote, akifuata mistari kwa kidole kama tulivyokuwa tukihakiki taipu, kutoka juu mpaka ile namba nyekundu.

Halafu akaniangalia. "Miaka makumi tatu, Kisimba," akasema, "na mutoto alipata kumi na moja tu?"

Watu wa nyuma walicheka. Yeye hakucheka, wala mimi. Aliniwekea karatasi mkononi, akashika fimbo yake akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani nikiwa nimeibeba wazi, upande wa mwandiko wako ukiwa juu, na kila aliyepita aliuona.

Mjomba wako,
Kisimba